Kutoa ni Moyo: Tumkumbuke Nyaatha wa Gikondi



Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mithali hii twaitamka mara nyingi mlangoni huku tukicheka, hasa mgeni ajapo na kifurushi mkononi. Lakini ni wageni wangapi ambao kwa kuja kwao mwenyeji alipona kweli? Juma hili nataka tuzungumze habari za mgeni mmoja wa namna hiyo, mwanamke aliyetoka ng'ambo, akaishi katika miinuko yetu ya Nyeri, akafa huku huku, na kaburi lake likawa huku huku. Jina lake la utawa lilikuwa Sista Irene Stefani. Lakini ukienda Gikondi, katika nchi ya Mukurwe-ini, ukaulizia jina hilo, huenda mzee akakutazama kidogo kwanza. Mwulizie Nyaatha, naye atakuonyesha njia mara moja.

Kwa wasomaji wasiojua Kikuyu, neno "tha" maana yake ni huruma. Nyaatha, basi, ni kama kusema mama wa huruma, au mama mwenye huruma. Jina hilo halikutoka Roma, wala halikuandikwa na askofu, wala halikutangazwa na Serikali. Lilitoka midomoni mwa watu wa vijijini, kina mama wabeba kuni na wazee wenye fimbo, waliomwona mtu akipita mbele ya nyumba zao siku kwa siku, wakampima kwa macho yao wenyewe. Nasi twajua jinsi watu wetu walivyo hodari wa kuwapa wageni majina. Mwenye hasira huitwa kwa hasira yake, na mwenye tumbo huitwa kwa tumbo lake. Aliyeitwa kwa huruma yake hana budi alikuwa nayo.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti, 1891, katika kijiji cha Anfo, kaskazini ya Italia, katika jimbo la Brescia, penye ziwa na milima. Wazazi wake walimpa jina la Aurelia, na nyumba yao ilikuwa ya watoto wengi. Tangu ujana wake alipenda mambo ya dini na kuwatunza maskini wa kijiji chao. Mwaka 1911 alikwenda katika mji wa Torino, akajiunga na shirika jipya la Masista Wamisionari wa Consolata, ambalo Padre Giuseppe Allamano alikuwa ameliunda mwaka mmoja tu kabla yake, yaani 1910. Padre huyo ndiye aliyeanzisha pia shirika la mapadre na mabradha wa Consolata mwaka 1901, na wanaume wake wa kwanza walifika nchi ya Kikuyu mwaka 1902, wakapokewa na Karuri wa Gakure kule Tuthu, katika Murang'a. Baadaye walipanda mpaka Nyeri, wakajenga Mathari. Allamano mwenyewe hakukanyaga Afrika hata siku moja, lakini tarehe 20 Oktoba, 2024, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mtakatifu.

Aurelia alipovaa nguo za utawa aliitwa Irene, jina litokalo katika neno la Kiyunani lenye maana ya amani. Aliweka nadhiri zake mwezi wa Januari, 1914, na mwisho wa mwaka huo huo akapanda meli kuja Kenya. Alifika mapema mwaka 1915, umri wake miaka ishirini na mitatu. Jina lake lilikuwa Amani, lakini wakati aliofika haukuwa wa amani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuwaka, Waingereza na Wajerumani wakipigana hata katika nchi hizi zetu, ambazo wenyeji wake hawakuwa na ugomvi na yeyote kati yao.

Hapa, wasomaji wangu, sina budi kusimama kidogo, kwa maana habari za mwanamke huyu hazifahamiki vema mpaka tukumbuke habari za baba zetu na babu zetu waliochukuliwa Kariakoo.

Vita ile ya Afrika Mashariki haikupiganwa kwa magari. Njia zilikuwa chache, na ng'ombe na punda walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Chakula cha askari, risasi zao, mahema yao na hata vipande vya mizinga vilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Kwa hiyo Serikali ya Kiingereza iliunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na watu wetu, ambao ndimi zao hazikukubali matamshi hayo, wakakiita Kariakoo. Jina hilo limebaki mpaka leo katika mtaa wa Kariokor mjini Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapo wanunuzi wengi wanaozunguka katika masoko hayo kutafuta vikapu, viatu na vitambaa, wala hawajui kwamba wanatamka jina la jeshi la watu waliokufa.

Vijana wengi hawakwenda kwa hiari. Mwaka 1917 hasa, amri ilipita katika vijiji na machifu wakatakiwa kutoa watu. Kijana wa Nyeri, aliyezoea baridi ya Mlima Kenya na viazi na maharagwe ya mama yake, alijikuta katika joto la Voi na mabwawa ya Rufiji, akila unga ambao haukuiva vizuri, akinywa maji machafu, akilala chini kwenye mvua. Risasi hazikuua wapagazi wengi. Waliouawa zaidi waliuawa na tumbo la kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Hesabu za Serikali zenyewe zilikubali kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wenye kuchunguza historia husema idadi ya kweli ilizidi hiyo kwa mbali. Wengi hawakuandikwa kaburi wala jina, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kamwe mikononi mwa jamaa zao.

Katika mahali pa namna hii ndipo Sista Irene alipopelekwa. Alikuwa hajakaa sana katika nchi wala hajaimaliza lugha, lakini mnamo mwaka 1916 alitumwa pamoja na masista wenzake kuwauguza wapagazi katika hospitali za vita. Alianza Voi, na baadaye akasafiri kwa bahari mpaka Kilwa Kivinje, na Lindi, na Dar es Salaam.

Msomaji asidhani kwamba hospitali hizo zilikuwa kama hospitali tuzijuazo leo, zenye vitanda vya chuma na shuka nyeupe. Zilikuwa ni mabanda, na wagonjwa kwa mamia wamelala chini, wengine juu ya majani, kila mmoja na lugha yake: Mkikuyu, Mkamba, Mjaluo, Mnyamwezi, na wengine wengi. Wengi walikuwa wamekata tamaa. Waliona kwamba aingiaye katika banda lile hutoka akiwa amebebwa. Sista Irene aliosha vidonda vyao, aliwalisha kwa kijiko waliokuwa hawawezi kuinua mkono, akajifunza maneno mawili matatu ya kila lugha ili kila mtu asikie angalau salamu ya kwao kabla ya kufa. Wale waliotaka aliwafundisha dini, na walio karibu kufa aliwabatiza. Waandishi wa maisha yake wanasema aliobatiza katika miaka hiyo walifika kiasi cha elfu tatu.

Iko habari moja ya Kilwa ambayo husimuliwa na kila asimuliaye maisha yake. Siku moja alirudi bandani, akamkosa mgonjwa mmoja aliyekuwa akimfundisha. Alipouliza aliambiwa kwamba amekwisha kufa, naye amepelekwa ufuoni pamoja na maiti wengine. Mtu mwingine angalisema, Mungu amrehemu, na kupita kwa mgonjwa wa pili, maana wagonjwa walikuwa wengi na siku ni fupi. Yeye alikwenda mpaka pwani, akaanza kuwageuza maiti mmoja mmoja akimtafuta mtu wake. Akamkuta chini ya wengine, na pumzi ingalimo.

Nimeifikiri sana habari hii. Katika vita ile mpagazi alikuwa ni namba. Alivikwa kipande cha bati shingoni chenye namba, na alipokufa namba ilifutwa katika daftari. Sisi tufanyao kazi ya madaftari twajua jinsi ilivyo rahisi kufuta namba. Lakini mwanamke yule hakutafuta namba. Alimtafuta mtu ambaye jana yake walizungumza, na aliona kwamba hata kati ya maiti mia mtu huyo ni mmoja, naye anastahili kutafutwa. Nadhani hapo ndipo penye tofauti kati ya huduma ya kutimiza zamu na huruma yenyewe.

Vita ilipokwisha alirudi nchi ya Nyeri, na mwaka 1920 akapewa kazi katika misheni ya Gikondi. Huko alikaa miaka kumi mpaka kufa kwake.

Aijuaye Gikondi ajua kwamba ni nchi ya matuta. Unasimama kwenye tuta moja, unamwona jirani yako juu ya tuta la pili, waweza hata kumwita akakuitikia, lakini kumfikia yakupasa ushuke mpaka mtoni, uvuke, kisha upande tena mpaka magoti yaombe radhi. Siku za mvua udongo ule mwekundu huwa kama sabuni. Sista Irene alikuwa na buti kubwa nzito, zisizofanana kabisa na viatu vya mwanamke, na kwa buti hizo alizizunguka njia zile mwaka baada ya mwaka. Asubuhi alifundisha shuleni na kuwaandaa watu kwa ubatizo. Kisha alishika njia, akaingia nyumba hata nyumba. Alikwenda kwa mgonjwa, kwa mwanamke aliyejifungua, kwa mzee aliyeachwa peke yake, kwa mwanafunzi aliyekosa shule siku mbili. Watu walisema kwamba hatembei bali anakimbia. Buti zake zimekuwa mashuhuri miongoni mwa wampendao, na kwa haki yake, maana mwenye kutaka kujua mtu alitoa nini, na atazame viatu vyake.

Sasa nije katika jambo ambalo mimi, nikiwa karani, lanigusa kuliko yote.

Miaka ile ya baada ya vita ilikuwa migumu katika vijiji vyetu. Kodi ya nyumba ilitakiwa kulipwa kwa fedha, na fedha haikupatikana kijijini, kwa kuwa mkulima Mwafrika hakuruhusiwa siku zile kupanda kahawa ya kuuza. Tena mnamo 1920 kila mwanamume mzima alianza kuvaa kipande. Basi vijana waliondoka kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya masetla, na Nairobi, na hata Mombasa. Nyumbani walibaki mama, wake na wazee. Kijana alikwenda, mwezi ukapita, mwaka ukapita, na mama yake hakujua kama mwanawe yu hai au amekufa, kwani hakujua kusoma wala kuandika.

Sista Irene alijifanya karani wa akina mama hao. Walikuja kwake wakakaa karibu naye, wakamwambia maneno yaliyomo mioyoni mwao, naye akayaandika. Aliandika habari za mbuzi aliyezaa, na za mvua iliyochelewa, na za baba aliyeugua, na za mchumba anayengoja. Kisha aliongeza neno lake mwenyewe la kumwonya kijana asimsahau Mungu wala mzazi wake. Majibu yalipokuja aliwasomea. Ikiwa anwani ya kijana haijulikani, aliulizia hapa na pale mpaka ipatikane. Hivyo kalamu yake ilivuka milima ambayo hata buti zake hazikuweza kuivuka.

Twajua sote kwamba kumwandikia mtu barua si kazi kubwa machoni pa watu. Hakuna apewaye nishani kwa kazi hiyo. Lakini fikirini ni saa ngapi alizitumia, mwisho wa siku, miguu ikimwuma, akisikiliza habari ya mbuzi wa mama fulani kwa uangalifu kama kwamba ni habari ya ufalme. Mali hakuwa nayo, kwa sababu mtawa hana mali. Fedha hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni miguu, na mkono wa kuandika, na sikio la kusikiliza, na hivyo vyote alivitoa. Ndiyo maana ya mithali yetu: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mwaka 1930 ugonjwa wa tauni uliingia katika sehemu zile. Tauni huletwa na viroboto watokao katika panya, na iingiapo mapafuni mwa mtu huweza kupita kwa mwenzake kwa pumzi na kikohozi tu. Siku hizi tauni hutibika kwa dawa ikiwahiwa. Siku zile dawa hizo zilikuwa hazijagunduliwa bado, na mwenye kuambukizwa mara nyingi alikufa kwa muda wa siku chache. Watu waliogopa, na haki yao kuogopa. Wasimulizi wa maisha yake wanasema kwamba katika mwaka huo huo Sista Irene aliomba kwa mkuu wake ruhusa ya kuyatoa maisha yake kwa Mungu kwa ajili ya kazi ya misheni. Haukupita muda mwingi, mwalimu mmoja wa hapo akashikwa na tauni. Sista Irene alikwenda akamwuguza, akikaa karibu naye kama alivyokaa karibu na wapagazi wa Kilwa. Akaambukizwa. Tarehe 31 Oktoba, 1930, alifariki dunia, umri wake miaka thelathini na tisa. Alizikwa Mathari, katika makaburi ya misheni.

Watu walilia. Kisha, kama ilivyo kawaida ya dunia, wengi wa waliomlilia nao wakafa. Ilikuja Vita Kuu ya Pili, ikaja hali ya hatari ya mwaka 1952, na Nyeri ikapita katika moto mkubwa, wana wake wengine msituni, wengine kizuizini, na mama zao katika vijiji vya kulazimishwa vyenye mahandaki. Ikaja Uhuru mwaka 1963. Katika mambo hayo yote jina la Nyaatha halikupotea. Mama alimwambia binti yake, na binti akamwambia wake.

Tena lilifika mbali. Mwezi wa Januari, 1989, nchi ya Msumbiji ilipokuwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, watu wa mahali paitwapo Nipepe, katika jimbo la Niassa, walikimbilia ndani ya kanisa lao mapigano yalipoanza. Walikuwa zaidi ya mia mbili, na wengi wao ni wanawake na watoto. Walifungiwa humo siku kadhaa, na maji hayakuwapo ila yale machache ya birika la ubatizo. Waliomba kwa jina la Sista Irene, na walishuhudia kwamba maji hayo yaliwatosha mpaka walipotoka. Mtoto wa kike alizaliwa humo kanisani, akaogeshwa kwa maji hayo, akaitwa Irene. Kanisa Katoliki lilichunguza ushuhuda huo kwa miaka mingi, na mwaka 2014 Baba Mtakatifu Fransisko aliukubali kuwa ni muujiza. Msomaji asiye wa dini hiyo ataupima jambo hili kwa akili yake. Mimi latosha kwangu kwamba watu wenye kiu walilikumbuka jina la mwanamke aliyefia Nyeri karibu miaka sitini nyuma.

Tarehe 23 Mei, 2015, watu kwa maelfu walikusanyika mjini Nyeri, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na Sista Irene akatangazwa kuwa Mwenye Heri. Aliyesimamia ibada kwa niaba ya Baba Mtakatifu alikuwa Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, mji ule ule ambao Sista Irene aliwauguza wapagazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ibada ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Siku hiyo hiyo, ng'ambo ya bahari katika nchi ya El Salvador, Askofu Mkuu Oscar Romero, aliyepigwa risasi madhabahuni mwaka 1980 kwa kuwatetea maskini, naye alitangazwa kuwa Mwenye Heri. Mabaki ya Sista Irene yamo katika kanisa kuu la Nyeri, na kila tarehe 31 Oktoba waumini humkumbuka.

Najua yuko msomaji ambaye tangu nilipoanza amekunja uso. Ananiuliza: "Karani, mbona watusifia Mzungu? Je, si wenzake hao waliotuchukulia vijana wakawapeleka Kariakoo? Si wenzake waliochukua ardhi, wakatuvika vipande, wakatukataza kahawa? Na misheni zenyewe, je, hazikupata mashamba?"

Swali lake ni la haki, wala sitalizunguka. Ni kweli kwamba meli ile ile ya historia iliyomleta Sista Irene ilileta pia wachukuao. Ni kweli kwamba misheni zilipata mashamba makubwa, na babu zetu walilisema jambo hilo waziwazi. Huruma ya mtu mmoja haifuti deni la utawala mzima, na atakayemtumia Nyaatha kufunika maumivu ya Kariakoo au ya vipande atakuwa anamtukana yeye na wale aliowauguza. Mwanamke huyu hakuutengeneza utawala ule, lakini pia hakuuvunja. Aliishi ndani yake na kutenda mema ndani yake. Haifai tumdai zaidi ya hayo, wala tumsifu kwa zaidi ya hayo.

Lakini mizani ya haki hupima kila mzigo peke yake. Mwizi akipita njia moja na mganga, hatuwezi kumfunga mganga. Tena walioanza kumsifu si Wazungu. Watu wa Gikondi, wale wale walioona uchungu wa kodi na kipande, walikuwa na macho ya kupambanua. Mgeni aliyewadharau walimpa jina lake, na mgeni aliyewahurumia walimpa jina lake. Ikiwa babu zetu, katika taabu yao, waliweza kuwa waadilifu kiasi hicho, sisi tulio na nafasi zaidi tuna udhuru gani?

Nami naona kwamba kumkumbuka Nyaatha kwaweza kutusaidia kuwakumbuka wengine. Mjini Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, iko sanamu ya shaba iliyosimamishwa mwaka 1928 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliokuwa katika vita ile. Watu watatu wamesimama juu yake, na mmoja wao ni mpagazi. Maelfu hupita hapo kila siku wakikimbilia matatu. Katika familia nyingi za Nyeri, Murang'a, Embu na Meru, alikuwako mtu aliyekwenda Kariakoo asirudi. Jina lake lingali linajulikana na mzee mmoja wa ukoo. Mzee huyo akifa kabla halijaandikwa, mtu yule atakuwa amekufa mara ya pili. Nyaatha aliwageuza maiti mmoja mmoja ufuoni kumtafuta aliyemjua. Je, sisi hatuwezi kumgeuzia mzee wetu swali moja, na kuliandika jina hilo katika daftari la nyumba?

Neno la mwisho ni letu sisi makarani, na wakulima vile vile.

Siku hizi barua zimekuwa chache. Mwana aliye Nairobi au Mombasa au ng'ambo hutuma fedha kwa simu, na ujumbe wenye tarakimu huingia katika simu ya mama. Ni vizuri, wala sibezi fedha. Lakini tarakimu si salamu. Mama angali akitaka kumsimulia mtu habari za mbuzi aliyezaa. Kadhalika wako wazee wengi wafikao mbele ya meza zetu za ofisi na karatasi wasizoweza kuzisoma, habari za shamba, au za hospitali, au za malipo ya kahawa. Twaweza kuwaambia, "Rudi kesho." Twaweza pia kuvuta kiti, tukamsomea polepole mpaka afahamu. Kazi hiyo haiongezi mshahara, lakini kwa kazi kama hiyo mwanamke mmoja wa Anfo alipata jina ambalo hakuna Serikali iwezayo kumpa mtu.

Na wewe mkulima, uliye na jirani mgonjwa juu ya tuta la pili, wajua kwamba njia inashuka, mto uko katikati, na kupanda ni kugumu. Nyaatha naye alijua, akavaa buti zake akaenda. Haikupasi uende mpaka Kilwa. Shuka mtoni, uvuke, umpelekee uji.

Wema hauozi. Karibu miaka mia imepita tangu mwanamke yule alipolazwa katika udongo wa Mathari, na jina lake lingali bichi midomoni mwa watu kama majani ya chai baada ya mvua.

Kwaherini, wasomaji wangu, mpaka juma lijalo, Mungu akipenda.